Leo Firmin Hana Njaa

Ukimuuliza Firmin anavua nini kule Nynäshamn, pwani ya Uswidi, kila Jumamosi, atakuonyesha kidole chake cha mwisho. Samaki wake ndio hao, na wakizidi hapo ni bahati. Watu wenye akili zao hushuka bandarini mwezi wa tano kuvua strömming, dagaa wa huku, wanaokuja kwa makundi. Hujaza ndoo na kurudi kwao kabla ya saa sita. Firmin huwapita bila hata kuwatazama. Hushika njia ya pwani, akatembea dakika arobaini mpaka kwenye miamba isiyo na watu wengi, akakaa juu ya jiwe lenye ufa, na kuteremsha humo ndoana ndogo kuliko punje ya mchele, yenye kipande cha uduvi kisichomshibisha hata sisimizi.

Ndani ya ufa anakaa samaki mwenye mdomo mweusi, kichwa kikubwa na mwili wa kukisindikiza tu. Waswidi humwita smörbult, na hawampendi. Wanasema alikuja bila kualikwa, ndani ya maji yanayobebwa na meli, akazaa, akajaa, na sasa anakula mayai ya wenyeji. Mikael, Mswidi anayevua kwenye miamba ileile, ndiye aliyemweleza Firmin habari hizo, na Firmin alicheka mpaka akashika jiwe. Huyo Mikael huvua vidogo ili aandike majina yao daftarini. Humpima samaki, humpiga picha, humrudisha majini. Firmin harudishi kitu. Huwakaanga mpaka wakauke, ukawatafuna na mifupa yao, na Perpétue mkewe, ambaye huwacheka sana wakiwa wabichi, ndiye huwamaliza wakishaiva.

Mama yake pia aliwacheka. Mwaka juzi Firmin alimwonyesha mmoja kwa kamera ya simu, akiwa palepale kwenye miamba. Yule mama, aliyekausha ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwenye mchanga wa Kalemie, Kongo, miaka arobaini na kulea watoto watano kwa ndagala hao, alisogeza uso wake mpaka kwenye kioo likabaki jicho moja. Alitazama kwa muda. Kisha akasema, "Na ni huyo ulimvukia bahari?"

Firmin ana miaka hamsini na mitatu, kumi na minane kati ya hiyo ameila Uswidi, yote Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya sita. Anafanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Siku nzima husimama mbele ya mashine inayomeza shuka na kulitema limenyooka, na kelele zake haziruhusu mazungumzo, jambo ambalo yeye analihesabu kuwa ndilo zuri la kazi hiyo. Si mkali wala si mlevi. Ni kwamba ukimwambia jambo la furaha anasema "sawa," ukimwambia la huzuni anasema "sawa," na sauti ni ileile moja. Ameingia ganzi mtu huyu, na wa nyumbani mwake wanajua. Perpétue amezoea. Aurore, binti yao wa miaka ishirini na miwili, hajazoea. Humjibu kwa Kiswidi na kufunga mlango wa chumba chake.

Ganzi hiyo haikuja kwa siku moja. Misiba ilimfikia mingi mno, na yote kwa mlango mmoja. Watu wa kwao hawampi mtu habari ya kifo kwa simu. Hawampi akiwa peke yake, wala akiwa amesimama, wala akiwa na njaa. Wanakuja nyumbani kwake wengi, kwa visingizio ambavyo hata mtoto wa chekechea hawezi kuviamini, wanakaa, wanaulizana habari za kazi. Chakula kinaletwa, na yule mwenye msiba, ambaye bado hajaambiwa kwamba ana msiba, anahimizwa ale ashibe, maana akishaambiwa huenda asile siku tatu. Akishanawa mikono, mzee mmoja anakaa ubavuni mwake, anamshika bega, ndipo anasema. Ni desturi nzuri. Anayeipinga hajawahi kupewa habari vibaya. Lakini Firmin alishakula chakula hicho mara nne katika sebule yake mwenyewe: mdogo wake wa kiume, mjomba wake, mdogo wake wa kike, na rafiki aliyetoka naye kambi ya wakimbizi. Mara ya nne alimaliza sahani huku akijua, akanawa, akageuza mwenyewe bega lake kuelekea kwa mzee, na kusema, "Haya."

Jumamosi ninayoieleza, Firmin alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi. Alipanda metro mpaka Liljeholmen, akachukua tramu ya kumfikisha Årstaberg, akalala kidogo kwenye treni ya Nynäshamn, na kufika kwenye jiwe lake jua likiwa limeshapanda. Kufikia saa tatu alikuwa na samaki tisa kwenye ndoo. Bahari ilikuwa shwari, nyeusi karibu na miamba na ya kijivu kwa mbali, na maji yake yalikuwa ya baridi ya kukata vidole, kama ilivyo mpaka katikati ya kiangazi.

Saa tatu na dakika arobaini simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa kwenye lile kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu sitini na kitu waliotawanyika kuanzia Kalemie hadi Kanada. Aliyeandika ni binamu yake Egide, wa Norway, mtu ambaye kidole chake hutangulia akili yake. "Poleni sana ukoo wote. Mama yetu Vumilia ametutoka jana jioni. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Firmin aliisoma mara moja. Alikuwa bado anaitazama ilipotoweka, na mahali pake pakaandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Hakuna aliyeuliza umefutwa kwa nini. Kundi ambalo kwa kawaida haliwezi kukaa robo saa bila mtu kutuma picha ya maua ya kuwatakia wengine asubuhi njema, lilinyamaza kimya. Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe ulifika saa nne kamili, kutoka kwa mkewe. "Papa Aurore, leo usikawie kurudi. Tuko na wageni."

Alisubiri aone kitakachomtokea moyoni. Hakikutokea kitu. Uzi ulicheza, akauinua, akamtoa samaki wa kumi, akamtia kwenye ndoo. Akakata kipande kingine cha uduvi, akakichomeka kwenye ndoana bila kutetemeka, na hilo lilimshangaza kidogo, maana vidole vya mtu aliyefiwa na mama yake alitegemea vitetemeke. Ndipo wazo likamjia, likakaa: hajaambiwa. Kitu alichosoma hakipo tena. Hakuna mzee aliyemshika bega. Na kama hajaambiwa, basi hakuna kilio, hakuna sebule iliyojaa watu wanaomkodolea macho waone kama safari hii atalia, hakuna Aurore amesimama mlangoni akimtazama baba yake anavyosema "sawa." Mama yupo Kalemie, mguu wake wa kushoto umevimba kama kawaida, anagombana na bintiye Josiane kuhusu chumvi ya mboga.

Hakuliamini wazo hilo. Alilikalia tu, kama alivyolikalia jiwe. Akaizima simu sauti, akaiviringisha kwenye koti la mvua, akaitia chini kabisa ya begi. Treni ya saa tano ikaondoka bila yeye, na ya saa sita ikaondoka.

Kule Vårby gård, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, mambo yalikuwa yameharibika tangu asubuhi. Wazee walikuwa wamepanga vizuri: wangefika kwa Firmin saa mbili, Jumamosi, akiwa bado na nguo za nyumbani. Ila hakuna aliyekumbuka kumwambia Perpétue mapema amzuie mumewe asiende kuvua. Perpétue alipigiwa simu saa moja. Akalia peke yake jikoni dakika kumi, akanawa uso, akabandika sufuria ya ugali. Wageni walikuja, wakakaa, wakaulizana habari za kazi, na kiti cha mwenye msiba kikabaki kitupu. Ilipofika saa sita wakaamua kwamba kama mtu haji kwenye chakula, chakula kitamfuata mtu.

Aliyetumwa ni mzee Eliakim. Huyu ni Mtanzania wa Bukoba, ana miaka sitini na saba, anakaa Sundbyberg. Alikuja zamani kama mwanafunzi wa kazi za maabara, akabaki mpaka akastaafu humo humo. Kanisani yeye na Firmin hukaa benchi moja. Hakuwa wa ukoo, wala si Mkongo, lakini ndiye mtu pekee ambaye Firmin aliwahi kumpeleka kwenye miamba ile, kwa hiyo ndiye pekee aliyejua njia.

Firmin alimwona akiwa mbali, saa nane na nusu. Alikuja juu ya miamba akiwa amevaa suti nyeusi na viatu vya ngozi vya kuendea misibani, hotpoti kubwa ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mita chache kabla ya kufika, kiatu kilikanyaga mwani, mguu ukaenda zake. Mzee alikaa chini kwa kishindo, hotpoti juu ya mapaja, haikumwagika hata tone.

"Siku ya ku..." alianza kusema Eliakim, akakumbuka methali ile inavyoendelea, habari za nyani na miti, akaimeza. "Hodi hapa," akasema badala yake, akiwa bado amekaa kitako.

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za samaki?"

"Wako."

"Nikasema leo na mimi nije nijaribu."

"Na suti?"

"Nilikuwa napita tu."

Nynäshamn ni mwisho wa reli. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni nchi za watu wengine. Hakuna mtu anayepita tu. Lakini Firmin hakusema hivyo. Alisogea, akampa nafasi juu ya jiwe, akampa na fimbo ya pili yenye ndoana ndogo. Mzee akaishika kama anavyoshika kalamu.

Wakavua. Eliakim aliongea habari za bei ya nyumba, za mchungaji mpya, za goti lake. Kila baada ya sentensi tatu jicho lake lilikwenda kwenye hotpoti. Hatimaye akasema, "Mama Aurore kanipa chakula nikuletee. Ugali, kisamvu, na samaki wa kukaanga. Bado kina moto."

"Sombe," alisema Firmin.

"Haya, sombe. Kula basi, mwenzangu."

"Asante. Sina njaa."

"Umekula nini tangu asubuhi?"

"Kahawa."

"Kahawa si chakula."

"Sina njaa, Mzee."

Hapo wote wawili walijua wamefika wapi. Akila, atanawa, akinawa, ataambiwa. Eliakim hakuwa na njia ya kupita kando ya sahani ile, na Firmin alikuwa ameketi mbele yake kama mlinzi. Mzee akajaribu la kwanza: akafungua kifuniko ili harufu ifanye kazi yake. Harufu ikaenda na upepo upande wa Mikael, aliyekuwa amekuja na daftari lake, naye akainua kichwa hatua mia moja kutoka pale. Akajaribu la pili: akaanza kula mwenyewe, kwa sauti, akisifia. Firmin akamwambia ale ashibe, safari ya kurudi ni ndefu. Akajaribu la tatu, kwamba mke akipika chakula kikarudi nyumbani, maneno yake hayaishi wiki nzima. "Sawa," alisema Firmin.

Ni kweli kwamba hakuwa na njaa. Tumbo lake lilikuwa mahali fulani mbali, pamoja na miguu yake na sehemu kubwa ya kifua. Alichokisikia ni ncha za vidole viwili tu, zile zilizoshika uzi. Kwa vidole hivyo aliweza kumjua samaki kabla hajauma: kugusa, kuacha, kugusa tena. Akamtoa mmoja mrefu mwembamba, anayejipinda kama utepe, ambaye Waswidi humwita tånglake; huyo huzaa watoto wazima badala ya mayai. Alimweleza Eliakim hayo kwa kirefu. Kwa siku ile ndiyo yalikuwa maneno mengi aliyosema.

Eliakim alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, akiwa anatazama maji, "Mimi mwaka themanini na nne niliitwa kwenye simu kazini. Simu ilikuwa ukutani, koridoni. Kaka yangu alikuwa anapiga kelele kutoka Bukoba, laini mbovu. Nikasikia 'baba,' nikasikia 'jana,' simu ikakatika. Nikarudi kuosha mirija ya kioo. Nikaosha mpaka jioni, hata ile iliyokuwa safi. Mkubwa wangu akaniambia unaweza kwenda nyumbani. Nyumbani wapi? Nilikuwa na chumba kimoja na kitanda. Nilikuwa nimesimama, unaelewa, peke yangu, na sijala." Akauinua uzi, akauteremsha tena. "Nilipokuja kuona nyinyi mnavyofanya, nilisema moyoni, hawa watu wana akili."

Firmin alielewa alichopewa. Alielewa kwamba mzee huyu wa watu amepanda treni akiwa na viatu vya kuteleza ili mtu mwingine asiambiwe akiwa amesimama. Alitaka kumshukuru. Lakini kumshukuru ni kukubali kwamba anajua, kwa hiyo alisema, "Sawa," akachomeka uduvi.

Simu ya Eliakim ikaita. Ilikuwa imeshaita mara tano, na kila mara aliondoka akaenda kunong'ona nyuma ya mwamba. Safari hii alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika. Hakukaa. Akasimama mbele ya Firmin, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta swali ambalo halijakatazwa.

"Bwana Firmin. Hivi kule kwenu jua linazama saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro," alijibu Firmin, bila kufikiri.

Ndipo akafikiri.

Jua la Nynäshamn mwezi wa tano halina haraka na mtu. Litakaa angani mpaka saa tatu na nusu usiku, na Firmin alikuwa amelipima siku yake kwa jua hilo: kuna muda, kuna muda, treni ni nyingi. Saa ya Kalemie na saa ya Stockholm miezi hii ni moja. Jua ndilo tofauti. Kule giza huingia bila kubisha. Na watu hawazikwi gizani.

"Sasa ni saa ngapi, Mzee?"

"Saa tisa na nusu."

Baba yake alipokufa, Firmin alikuwa na miaka ishirini na mitano. Sanduku lilikaa wazi uani, fundi amesimama pembeni na nyundo, na hakuna aliyethubutu kumwambia fundi aanze mpaka kifungua mimba, yaani yeye, atamke. Alisema neno moja tu, "Mfunikeni," na misumari ikaanza. Ndivyo ilivyo kwao. Baba hayupo, basi neno ni la mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza alikuwa amekaa juu ya jiwe Uswidi, simu ameifunika kwa koti la mvua. Hawawezi kumwomba neno bila kumwambia, na hawawezi kumwambia kabla hajala. Tangu saa nne asubuhi alidhani anakikatalia kifo tu. Kumbe aliyekuwa anamzuia ni mama yake. Amekufa jana jioni. Mji ule una joto. Umeme wa kuhifadhia maiti huja ukipenda. Watu wamekaa uani, wanawake wanapunga kanga juu ya sanduku lililo wazi kufukuza nzi, na Josiane anatazama ukuta aone kivuli kimefika wapi.

Aibu ndiyo iliyokuja kwanza, kabla ya huzuni. Ilimpanda kutoka tumboni, ikawa ni kitu cha kwanza chenye joto alichokisikia siku ile.

Akaiweka fimbo chini. Akachuchumaa ukingoni, akanawa mikono kwenye maji ya bahari, baridi ikamfika kwenye kiwiko. "Nipe chakula," alisema.

Ugali ulikuwa umeshaanza kupoa. Alimega, akachovya, akameza, akamega tena, haraka, bila ladha yoyote, kama anavyolisha mashine mashuka. Ulipomkwama kooni Eliakim alimpa maji. Fimbo ilikuwa inacheza juu ya jiwe, kitu kinavuta, na hakuna aliyeigusa. Alikula ugali wote, sombe yote, na samaki mpaka kichwa. Akanawa tena. Akakaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye mwamba, akasogea ili pawe na nafasi ubavuni.

Eliakim alikaa pale na suti yake. Akamshika bega. Sauti yake haikuwa imara, maana hakuzoea kazi hiyo na haikuwa yake kwa haki.

"Firmin, ndugu yangu. Mama yetu Vumilia ametangulia. Jana, saa kumi na mbili jioni, akiwa amelala. Hakuteseka."

"Ndiyo," alisema Firmin. Halafu akasema, "Asante, Mzee, kwa kunikalisha."

Akaitoa simu kutoka chini ya begi. Josiane alipokea kabla haijamaliza kuita mara moja. Kwenye kioo palionekana turubai la buluu, migongo ya watu, kisha uso wa dada yake, umevimba macho, kitambaa kichwani. Nyuma yake minong'ono ilikatika. Watu waliinuka, alisikia viti vya plastiki vikikwaruza.

"Yaya," alisema Josiane. Ndivyo alivyomwita kaka yake tangu utoto. "Umekula?"

"Nimekula."

"Umekaa?"

"Nimekaa. Eliakim yuko nami."

"Basi sema naye. Nakuweka karibu."

Kioo kikageuka. Likapita sanduku, shuka jeupe, kisha paji la uso la mama yake, karibu mno, kama lile jicho la mwaka juzi lakini limefungwa. Firmin alikuwa na maneno ya kawaida tayari, yale ambayo watu wote husema, safari njema, tusamehe, tuombee. Hayakutoka. Alichosema hakuwa amekipanga, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, uani kote wakasikia.

"Mama, ni mimi, Firmin. Nilijua tangu asubuhi. Sikuambiwa, lakini nilijua. Nilizima simu nikavua samaki. Nimekuweka na joto mchana kutwa, mama, na nilijua."

Pale kwenye miamba Eliakim alikuwa amefunika macho kwa kiganja. Kisha kioo kikageuka tena, akawa Josiane, na Firmin alitazama chini ili asione uso wake.

"Yaya," alisema Josiane. "Ujumbe wa Egide, mbele ya kufutwa, yeye aliona wewe umesoma, akatuambia. Bote tulijua, saa tatu ileile. Baba mdogo akasema basi apigiwe, si amekwisha kujua. Mimi nikasema hapana. Nikasema mumwache, atakula akiweza." Akavuta pumzi. "Mama tumemweka chini ya turubai, na feni ya majirani. Hana joto. Tulikuwa tunakungoja tu."

Firmin alifungua mdomo aseme neno lake. Halikutoka. Akajaribu tena, na kilichotoka kilikuwa sauti ambayo Eliakim, kwa miaka yote ya benchi moja, hakuwahi kuisikia kwake, na ilidumu muda mrefu, na kule uani hakuna aliyemharakisha. Fundi alisimama na nyundo yake. Kivuli cha ukuta kikasogea.

"Mfunikeni," alisema Firmin.